Fedha za nyuklia za Ulaya: nani anatoa, zinakwenda wapi, na binti wa Mbeya aingilie wapi

Swali: "Shikamoo Daktari. Nina miaka 23, nimemaliza shahada ya kwanza ya fizikia mwaka huu na sasa nipo nyumbani Mbeya. Nasoma kwamba Ulaya inatoa mabilioni kwa utafiti na mafunzo ya nyuklia. Ni nani hasa anayezitoa fedha hizo, zinakwenda wapi, na je, mtu wa kwetu anaweza kupata chochote cha kusomea? Kaka yangu ananiambia nisipoteze muda, Wajerumani wenyewe wamezima mitambo yao. Nikitaka kuanza, nianzie wapi?"

Marahaba, mwanangu. Nianze na kaka yako, maana hoja yake ina uzito na si yeye peke yake anayeisema. Ni kweli, tarehe 15 Aprili 2023 Ujerumani ilizima mitambo yake mitatu ya mwisho: Isar 2, Emsland na Neckarwestheim 2. Lakini mwaka huohuo wizara ya utafiti ya nchi hiyohiyo ilitangaza kuongeza yuro milioni 370 kwa utafiti wa kuunganisha viini vya atomu, na kufanya jumla ipite yuro bilioni 1 kwa miaka mitano. Kwa hiyo aliyesema Ujerumani imetoka kwenye nyuklia amesema nusu ya habari. Imeacha kuzalisha umeme kwa kupasua viini vya urani. Haijaacha kulipia sayansi ya nyuklia, wala haijaacha kutafuta vijana wa kuifanya.

Hapo ndipo ningependa uanze kuelewa jambo hili. Fedha za umma za nyuklia Ulaya hazifuati umeme. Zinafuata yale ambayo nchi zisizopatana kuhusu umeme wa nyuklia zimeweza kukubaliana pamoja. Ukilishika hilo, utajua kwa nini fungu hili ni nono na lile ni jembamba, na utajua mlango upi ubishe na upi upite.

Mkoba mkuu wa pamoja unaitwa Euratom, yaani Jumuiya ya Nguvu za Atomiki ya Ulaya. Mkataba wake ulitiwa saini Roma tarehe 25 Machi 1957 na nchi sita, yaani Ufaransa, Ujerumani Magharibi, Italia, Ubelgiji, Uholanzi na Luxembourg, siku ileile uliposainiwa mkataba wa soko la pamoja. Ulianza kazi tarehe 1 Januari 1958. Wakati ule waliamini nyuklia ndiyo ingekuwa makaa ya mawe ya kizazi kijacho, na kwamba hakuna nchi moja ya Ulaya iliyoweza kugharamia utafiti wake peke yake. Mkataba umebaki karibu vilevile hadi leo. Soko la pamoja limegeuka kuwa Umoja wa Ulaya, Euratom imebaki Euratom.

Niruhusu nisimame kidogo hapa, kwa sababu kuna habari ambayo vitabu vya kozi huipita haraka. Ubelgiji, nchi ndogo, iliingia katika sayansi hii ikiwa na nguvu kuliko ukubwa wake, na nguvu hiyo ilitoka Katanga, kusini mwa Kongo iliyokuwa koloni lake. Mgodi wa Shinkolobwe ulikuwa na madini ya urani yenye kiwango cha kustaajabisha, mengine zaidi ya asilimia 65 ya oksidi ya urani. Mwaka 1940 mkuu wa Union Minière, kampuni ya Kibelgiji iliyochimba mgodi huo, Edgar Sengier, alipeleka zaidi ya tani elfu moja za madini hayo New York, na Wamarekani walipoanza mradi wao wa bomu waliyakuta yakisubiri ghalani. Mwaka 1944 Marekani na Uingereza zilifunga mkataba na Ubelgiji wa kununua urani hiyo, na Ubelgiji ikajiwekea sharti kwamba itashirikishwa siku nishati hiyo itakapotumika kwa biashara. Kituo cha utafiti wa nyuklia cha Mol, huko Ubelgiji, kilianzishwa 1952, kinu chake cha kwanza, BR1, kikawaka 1956. Sehemu ya msingi wa nyumba hiyo ilichimbwa na Wakongo waliozungumza Kiswahili cha Katanga, bila kinga yoyote ya mionzi ya kustahili jina hilo. Kongo yenyewe ilipata kinu cha utafiti, TRICO, katika Chuo Kikuu cha Lovanium huko Kinshasa mwaka 1959, cha kwanza Afrika. Nakueleza haya ili siku utakaposimama kwenye korido za Mol au Karlsruhe usijione umealikwa kwa huruma. Una haki ya kuwa pale.

Sasa turudi kwenye fedha. Kifungu cha 7 cha mkataba wa Euratom kinasema mambo mawili ambayo yameamua kila kitu: programu ya utafiti na mafunzo haizidi miaka mitano kwa mara moja, na Baraza la Mawaziri wa nchi wanachama lazima liipitishe kwa kauli moja. Kauli moja, si wingi wa kura. Sasa fikiria nani wanakaa kwenye meza hiyo. Kuna Ufaransa, ambayo umeme wake mwingi unatoka kwenye nyuklia. Kuna Austria, ambayo wananchi wake walipiga kura tarehe 5 Novemba 1978 na kukataa kuwasha mtambo wa Zwentendorf uliokuwa umekwisha kujengwa, kwa asilimia 50.5 tu dhidi ya 49.5, na mtambo ule haujawashwa hadi leo. Wote wawili wanachangia mkoba, na yeyote kati yao anaweza kuuzuia.

Watu wa namna hiyo wanakubaliana nini? Hawawezi kukubaliana kujenga mitambo mipya ya umeme kwa fedha za pamoja. Wanaweza kukubaliana kwamba mitambo iliyopo, hata ya jirani, iwe salama. Wanaweza kukubaliana kwamba taka za mionzi lazima zizikwe vizuri, upende nyuklia au usiipende. Wanaweza kukubaliana kuhusu kumkinga mgonjwa na mfanyakazi wa hospitali dhidi ya mionzi. Tena wanaweza kukubaliana kuhusu kuunganisha viini, kwa sababu hiyo ni nishati ya kesho ambayo bado haijamkera mpiga kura yeyote. Soma bajeti ukiwa na orodha hiyo kichwani, utaona imefuata mstari huohuo.

Programu ya Euratom ya mwaka 2021 hadi 2025 ilitengewa takriban yuro bilioni 1.38. Kati ya hizo, kama milioni 583 ni za utafiti wa kuunganisha viini. Kama milioni 266 ni za upande wa kupasua viini: usalama, taka, kinga ya mionzi, mafunzo. Na kama milioni 532 zinakwenda kwa Kituo cha Pamoja cha Utafiti, JRC, ambacho ni maabara za Tume ya Ulaya yenyewe zilizopo Ispra nchini Italia, Karlsruhe nchini Ujerumani, Geel nchini Ubelgiji na Petten nchini Uholanzi. Angalia hizo milioni 266 vizuri. Zimegawanywa kwa miaka mitano na nchi 27, na mafunzo ni kipande tu ndani yake. Ndiyo maana huwa nasikitika kuona vijana wetu wanaandika barua kwenda "Euratom" kuomba ufadhili. Euratom haina dirisha la mwanafunzi mmoja mmoja. Inatoa ruzuku kwa makundi ya vyuo na maabara kutoka nchi kadhaa walioandika mradi kwa pamoja, na wewe unaingia kupitia kwao.

Mbali na hiyo bilioni 1.38 upo mzigo mwingine ulioandikwa kwenye daftari tofauti, nao ni ITER. Huu ni mtambo wa majaribio wa kuunganisha viini unaojengwa Cadarache, kusini mwa Ufaransa, na washirika saba: Umoja wa Ulaya, Marekani, Urusi, China, Japani, India na Korea Kusini. Mkataba ulisainiwa Paris mwezi Novemba 2006. Ulaya, kwa kuwa ndiye mwenyeji, inabeba karibu asilimia 45 ya gharama za ujenzi, na kila mshirika mwingine karibu asilimia 9. Kwa kipindi cha 2021 hadi 2027 Ulaya imeutengea yuro bilioni 5.61, kupitia shirika lake la Fusion for Energy lenye makao Barcelona. Linganisha na zile milioni 266. Hapo mwanzo plasma ya kwanza, yaani gesi ya joto kali ambamo viini huungana, ilitarajiwa 2016, baadaye 2025, na ratiba iliyotolewa mwaka 2024 inasema utafiti utaanza 2034, na kazi ya mafuta kamili ya diteriamu na tritiamu, aina mbili nzito za hidrojeni, mwaka 2039. Wewe utakuwa na miaka karibu 40. Kazi hiyo ni ya kizazi chako, si changu.

Watu huuliza kama fedha hizo zinamwagwa mchangani. Mimi sioni hivyo, ila mlipa kodi ana haki ya kujua kipimo. Mtambo wa JET wa Culham, Uingereza, ulioanza kazi 1983 na kuendeshwa miaka mingi kwa fedha za Euratom, ulifungwa Desemba 2023. Miezi miwili kabla ulikuwa umetoa nishati ya megajuli 69 kwa sekunde tano kutoka miligramu 0.2 za mafuta. Megajuli 69 zinatosha kuchemsha ndoo kumi za maji za lita ishirini. Ukiangalia ndoo, utaona ni kidogo, na kweli mtambo wenyewe ulikula umeme mwingi kuliko uliotoa. Ukiangalia mafuta yaliyotumika, ambayo ni mepesi kuliko chembe ya mchele kwa mbali sana, utaelewa kwa nini hawakati tamaa. Februari 2025 mtambo wa WEST wa Cadarache ukashikilia plasma kwa sekunde 1,337, zaidi ya dakika 22. Hatua zinapigwa, na kila hatua imelipiwa na umma, kwa sababu hakuna benki inayokopesha kwa miaka arobaini ya kusubiri.

Kumbuka pia kilichotokea Uingereza. Ilipotoka Umoja wa Ulaya mwaka 2020 ilitoka na Euratom. Mwaka 2023 ilirudi kwenye programu kubwa ya utafiti ya Ulaya, lakini ikachagua kutorudi kwenye utafiti wa Euratom na badala yake ikatangaza hadi pauni milioni 650 kwa programu yake yenyewe ya kuunganisha viini. Ukiomba nafasi Uingereza, basi, usitafute fedha za Euratom huko. Tafuta za kwao.

Upo mkoba wa pili, nao kwa jumla ni mzito kuliko ule wa pamoja: fedha za kila nchi. Ufaransa ina CEA, tume ya nguvu za atomiki iliyoundwa Oktoba 1945, na katika mpango wa Ufaransa 2030 ilitenga yuro bilioni 1 kwa vinu vidogo na vya aina mpya. Ubelgiji, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa na sheria ya kuachana na umeme wa nyuklia, iliamua mwaka 2018 kutoa yuro milioni 558 kwa mradi wa MYRRHA pale Mol, kinu cha utafiti kinachosukumwa na mashine ya kuongeza kasi ya chembe. Lengo moja la MYRRHA ni kuona kama taka zinazoishi maelfu ya miaka zinaweza kugeuzwa kuwa zenye maisha mafupi.

Finland wana utaratibu ninaoupenda kuliko yote, na ningependa nchi yoyote ya Afrika Mashariki inayofikiria nyuklia iusome kabla ya kusaini chochote. Sheria yao inazilazimisha kampuni zenye mitambo kulipa kwenye mfuko wa taifa, na fedha hizo zinalipia utafiti wa usalama na wa taka unaochaguliwa nje ya kampuni zenyewe. Kuchimba Onkalo, handaki la kuzikia mafuta yaliyotumika kama mita 430 chini ya mwamba, kunalipiwa na wazalishaji wa umeme, si bajeti ya serikali. Anayechafua analipa, na analipa mapema, kabla hajafilisika. Kenya ina Shirika la Nishati ya Nyuklia, NuPEA, lililoundwa na Sheria ya Nishati ya 2019, na watu wa Uyombo kule Kilifi, waliopinga kinu kilichopangwa kujengwa kwao, wameshaonyesha kwamba mradi usiojibu maswali haya mapema haupati amani. Sisi Tanzania tuna urani ya Mto Mkuju. Swali la nani atalipa kusafisha baada ya miaka thelathini linatuhusu hata kama hatutajenga kinu kimoja.

Sasa nije kwenye mafunzo, maana hapo ndipo moyo wako ulipo, na wangu pia.

Kwa nini Ulaya ilipe watu wasome nyuklia wakati baadhi ya nchi zinafunga mitambo? Kwa sababu waliojenga wanastaafu. Ufaransa iliamua kujenga kwa wingi mwaka 1974, baada ya mshtuko wa bei ya mafuta. Mhandisi aliyekuwa na miaka 25 wakati huo sasa yuko katika miaka ya sabini. Na kufunga mtambo kunahitaji wataalamu kama kuuendesha, pengine kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu kubomoa na kusafisha huchukua miongo. Kijana wa Kijerumani anasikia nchi yake imefunga nyuklia, anakwenda kusomea kitu kingine, halafu serikali inashtuka haina watu wa kubomoa. Pengo hilo ni la kweli, na ndilo linalokufungulia mlango.

Mlango wa kwanza ni miradi ya Euratom yenyewe kupitia vyuo. Ipo EURAD, inayounganisha mashirika ya taka za mionzi, sasa ikiwa katika awamu ya pili iliyoanza 2024. Ipo PIANOFORTE ya kinga ya mionzi, iliyoanza 2022, ambayo sehemu kubwa ya kazi yake inahusu mionzi ya hospitalini. Ipo EUROfusion, inayoratibiwa kutoka Garching karibu na München. Miradi hii hulipia nafasi za uzamivu na utafiti. Nafasi hizo hutangazwa na chuo au maabara kama ajira ya kawaida, na mara nyingi wanaangalia uwezo kuliko pasipoti. Upo pia mtandao wa vyuo uitwao ENEN, ulioanzishwa 2003, ambao kupitia mradi wa ENEN2plus umekuwa ukitoa ruzuku za safari za masomo, yaani wiki au miezi kadhaa ya kwenda kwenye kinu cha mafunzo au maabara. Hizi ni za aliye tayari ndani ya mfumo. Kwa wewe uliye Mbeya na shahada ya kwanza mkononi, huu si mlango wa leo. Ni wa baada ya miaka miwili.

Mlango wa leo ni Erasmus Mundus. Huu hautoki kwenye mfuko wa Euratom kabisa, unatoka bajeti ya elimu ya Umoja wa Ulaya, na ndiyo sababu wengi wanaotafuta "fedha za nyuklia" hawauoni. Ni shahada za uzamili za mwaka mmoja hadi miwili zinazofundishwa na vyuo vya nchi mbalimbali kwa pamoja. Anayepata ufadhili halipi ada, na hupewa yuro 1,400 kwa mwezi. Katika eneo letu mfano ni SARENA, iliyounganisha IMT Atlantique ya Nantes na vyuo vya Madrid, Lappeenranta na Ljubljana, na upo pia uzamili wa kuunganisha viini uitwao FUSION-EP. Programu hizi huja na kuondoka kadiri ruzuku zinavyohuishwa, hivyo fungua orodha rasmi ya Umoja wa Ulaya kila mwaka uone zipi zina nafasi. Maombi mengi hufungwa kati ya Desemba na Februari. Ukianza Novemba umeshachelewa nusu.

Mlango mwingine umewekwa kwa ajili ya mabinti kama wewe. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, IAEA, lililopo Vienna, lilianzisha mwaka 2020 ufadhili wenye jina la Marie Skłodowska-Curie kwa wanawake wanaosoma uzamili wa nyuklia, kwa sababu wanawake ni wachache mno katika kazi hii. Hutoa hadi yuro 10,000 kwa mwaka za ada na hadi yuro 10,000 za kujikimu, kwa muda usiozidi miaka miwili, kisha nafasi ya mafunzo ya kazi. Umoja wa Ulaya na nchi kadhaa zinauchangia. Si lazima usome Ulaya, ilimradi chuo kinatambulika na nchi yako ni mwanachama wa IAEA, na Tanzania ni mwanachama. Dirisha kwa kawaida hufunguliwa kuanzia Agosti. Usichanganye ufadhili huu na ule wa Tume ya Ulaya wenye jina la mama huyohuyo, ambao ni wa watafiti, wakiwemo waliokwisha kupata uzamivu. Nimewahi kuona barua nzuri ikipelekwa kwenye anwani isiyo yake kwa sababu ya jina hilo tu.

Mlango wa mwisho ndio ninaoupenda, labda kwa sababu kupitia huo nilijifunza mengi. Kule Trieste, Italia, kuna kituo cha fizikia cha ICTP kilichoanzishwa 1964 na Abdus Salam, Mpakistani aliyepata Tuzo ya Nobel 1979 na aliyeumizwa na kuona vijana wa nchi maskini wakilazimika kuchagua kati ya sayansi na nyumbani. Serikali ya Italia ndiyo mlipaji mkuu, pamoja na UNESCO na IAEA. Wanatoa stashahada ya mwaka mmoja kwa wahitimu wa nchi zetu, gharama zote zikilipwa. Wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Trieste, wana uzamili wa fizikia ya tiba ambao mwaka wa pili unafanyia kazi hospitalini. Kwa uzamivu, wao na IAEA wana mpango ambapo unabaki mwanafunzi wa chuo chako cha nyumbani na kwenda maabara ya nje kwa miezi kadhaa kila mwaka, kwa miaka mitatu. Na tangu 2018 wana tawi Kigali, ndani ya Chuo Kikuu cha Rwanda. Kutoka Mbeya, Kigali ni safari ya basi. Fikiria hilo kabla hujafikiria viza ya Schengen.

Nilipokuwa kijana nilipelekwa kwa mafunzo kwenye kinu cha utafiti cha TRIGA cha Chuo Kikuu cha Ufundi cha Vienna. Ni kidogo, kilowati 250 tu, kimewaka tangu 1962. Unainama juu ya dimbwi la maji unaona chini mwanga wa buluu, na unaelewa kwa macho kitu ulichokuwa unakijua kwa milinganyo. Wakaguzi wa IAEA wanaotumwa duniani kote wamefundishwa hapo. Yote hayo katika mji mkuu wa nchi iliyokataa umeme wa nyuklia kwa kura. Austria haioni mgongano, na mimi pia siuoni: anayeogopa kitu ana sababu zaidi ya kulipia watu wanaokijua.

Uchague nini? Ukiniuliza kama mzee wako, nitakwambia kinga ya mionzi, fizikia ya tiba, au taka na mazingira ya migodi ya urani. Kwanza kwa sababu nilizokwisha kueleza: huko ndiko nchi zote za Ulaya zinakubaliana kulipa, kwa hiyo fedha haikatiki serikali ikibadilika. Pili kwa sababu ukirudi utapata kazi ya kufanya kesho yake. Kila mashine ya tiba ya saratani tunayonunua inahitaji mtu wa kupima dozi, na kila chombo cha mionzi kinapaswa kupita chini ya macho ya Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania. Kuunganisha viini ni sayansi nzuri ajabu, na ukiwa na kiu nayo usizime kiu hiyo kwa maneno yangu. Ila ujue kwamba ITER yenyewe huajiri raia wa nchi wanachama, na Tanzania si mwanachama. Utaishi kwenye maabara za vyuo, mbali na nyumbani, kwa muda mrefu.

Na uanzie wapi? Wiki hii nenda chuoni kwako ukachukue nakala rasmi ya matokeo, na uombe barua ya kuthibitisha kwamba ulifundishwa kwa Kiingereza. Baadhi ya vyuo vya Ulaya huipokea badala ya mtihani wa lugha, uliza kabla hujalipia mtihani. Tafuta walimu wawili waliokufundisha kwa karibu, si wenye vyeo vikubwa wasiokukumbuka, na uwape mwezi mzima wa kuandika barua zao. Jifunze kuandika programu za kompyuta kwa Python hadi uweze kuchora grafu ya kuoza kwa isotopu bila kuangalia kitabu, maana watakuuliza kwenye usaili. Ukipata nafasi ya kujitolea miezi mitatu kwenye kitengo cha mionzi cha hospitali ya rufaa hapo Mbeya, ichukue. Nimesoma maombi mengi ya vijana, na yale yanayosimama ni ya mtu anayeweza kueleza kwa aya moja kitu alichokipima kwa mikono yake, kosa lililotokea na alivyolirekebisha. Mtu yeyote akikudai ada ya "kushughulikia ufadhili", achana naye, kwa sababu hakuna hata mmoja kati ya nilioutaja unaolipiwa hivyo.

Ukishaandika rasimu ya barua yako ya maombi, nitumie kabla hujaipeleka. Nitaisoma yote.